Maombi Niliyoyaandika Kwenye Code

Afadhali mnisikie mimi kabla hamjasikia kwa wengine. Hapa Kitui timu yetu inatengeneza app ya wakulima wa ndengu, na kila ukibadilisha code, yaani maandishi yanayoendesha app, lazima uandike maelezo mafupi. Mimi Kioko nilidhani hayo maelezo yanabaki kwa laptop yangu, basi nikawa naandika maombi, tena kwa imani kabisa.

Jumatatu huwa tunaanza mkutano kwa sala. Jumatatu hii bosi wetu, Madam Mwende, akawasha projekta, na historia yote ya code, pamoja na maelezo yetu, ikajaa ukutani.

“Leo tusisumbue mtu kuomba,” akasema. “Kioko alishaomba.”

Tukafumba macho. Akasoma polepole: “Ee Bwana, nimefuta fomu ya wakulima wa Kanyangi. Usiruhusu Madam aone, ingawa hata akiona hataelewa.”

Timu nzima ikaitikia, “Amina.”