Upande wa Kupisha

Anselmi alikuwa mwanamume wa kuja. Huko milimani juu ya Bigwa shamba ni la ukoo wa mama, na mwanamume akioa huenda kulima kwa mkewe na kumshukuru Mungu. Kiwanda alichofanyia kazi miaka kumi na moja kilipofungwa, enzi zile za ruksa, mjini walimpa pole, na mzee Alois, mjomba wa mkewe, akampa matuta ya kabichi. Basi aliishi kwa adabu ya mgeni, kuni anachanja yeye, maneno anayameza. Watani walimwita bi harusi. Alicheka nao, ingawa lilimchoma.

Chake mwenyewe kilikuwa kitu kimoja tu, pikipiki kuukuu aina ya Honda aliyoinunua kwa kiinua mgongo. Kila siku ya soko aliteremsha kabichi alfajiri, matenga mawili nyuma, kisha akapanda tena kufuata mzigo wa pili. Taa yake ilikuwa ya manjano, hafifu kama kibatari. Masika ile mvua ilichimba barabara, akatumbukia kwenye shimo asiloliona, akachunika goti, na kabichi zikabingirika mpaka mtoni. Mkewe, Filomena, alimfunga goti huku akilia, akamwambia anunue taa inayoona, maana hakuolewa ili awe mjane.

Maduka ya Morogoro wakati huo yalikuwa yamejaa. Vitu ambavyo zamani ungevipata kwa barua ya mkubwa sasa vilining'inia mlangoni. Fundi Dadi, mwenye kibanda karibu na soko, alimtolea glopu nyeupe ya gari, iliyotoka Dubai, akasema ataichongea nafasi iingie. Alimwonya jambo moja, kwamba betri itachoka upesi. La ukungu halikumjia, kwa kuwa Dadi ni mtu wa pwani na milima ile aliitazama kutoka chini tu. Walipoiwasha mchana kweupe ukuta wa ng'ambo uling'aa, na Anselmi akajiona mwanamume kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe.

Sasa, barabara ya huko ina sheria yake, nayo haijaandikwa popote. Ni nyembamba, huku mlima, huku bonde. Gari hubana mlimani kwa kuogopa bonde, kwa hiyo mwenye mzigo kichwani hulipisha kwa kusimama ukingoni, upande wa bonde. Pikipiki hufanya kinyume, hupita upande wa bonde penye udongo mgumu, na watu hubana mlimani. Gari lenyewe lilikuwa moja tu, la misheni, nalo chongo, taa moja imekufa tangu Krismasi. Basi wanawake walioshuka sokoni gizani walisoma taa. Nyeupe kali ni gari, kaa bondeni. Ya manjano ni Anselmi, kaa mlimani. Yeye mwenyewe aliijua sheria hiyo vizuri, ila haikumpitikia hata kidogo kwamba taa yake nayo ilikuwa inasomwa.

Siku ya kwanza na glopu mpya alishuka akiimba. Wakati wa kupanda ukungu ulikuwa umetanda, na mwanga ukaugonga ukamrudia machoni, mweupe kama shuka iliyoanikwa. Hakuona hata gurudumu lake. Mwenye akili angesimama. Anselmi alijiambia kwamba taa kubwa namna ile haiwezi kukosa njia, akaendelea polepole akishika upande wake wa bonde. Pale penye maporomoko, ambapo kelele za maji humeza injini, wanawake watano walikuwa wanashuka. Waliona mwanga mweupe, wakapisha gari.

Wanne aliwakosa. Wa tano alikuwa Mama Editha, mama mzazi wa Filomena. Usukani ulimpiga nyonga, akaanguka na kikapu chake cha njegere.

Watu wa kule mkwe hawamgusi. Hampeani mikono, na mkikutana njiani mwanamume hutazama miguu yake. Kwa miaka tisa Anselmi hakuwahi kumtazama yule mama usoni. Asubuhi ile gurudumu lilikuwa limepinda, akambeba mgongoni mpaka Bigwa, akilia kwa sauti bila haya, na mama akiuma kanga ili asipige kelele.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Mama Editha aliporudishwa kutoka hospitali kwa machela baada ya wiki sita, ukoo ulikaa. Mzee Alois alisema wazi kwamba aliyemvunja mama wa ukoo hawezi kulima shamba la ukoo. Anselmi arudi kwao Kilosa, na watoto, kama ilivyo desturi, wabaki kwa mama yao. Filomena hakuinua uso. Anselmi alipoulizwa alisema amekosa, basi.

Ndipo Mama Editha, aliyelazwa nyuma ya pazia kwa sababu mkwe yupo, akaomba kusema.

"Alois, pikipiki ya mkwe wangu nimeipisha miaka mingi. Taa yake naijua. Ile iliyonigonga sikuijua."

Mzee Alois akamuuliza, kwa hiyo aligongwa na nani.

"Mimi nilipisha gari," akasema. "Semeni ni gari."

Kila aliyekuwapo alijua gari la misheni siku ile halikutoka. Lakini aliyeumia ndiye aliyesema, na nani angemwita mwongo? Mzee Alois akasema basi ni gari, watu wakaondoka mmoja mmoja.

Anselmi alibaki na shamba, na mke, na watoto. Alitamani aingie apige magoti, asiweze. Akasogea mpaka karibu na pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," ikajibu sauti. "Nani mwenzangu?"

Mama yule alikuwa akimjua hata kwa kikohozi. Anselmi alisimama pale, akashindwa kutaja jina lake.