Trekta, Kombaini na Bendera Mbili

Enzi zetu jojo haikutoka dukani. Ukitaka jojo ulisubiri kombaini zimalize kuvuna kwenye shamba la ngano la serikali, ukaenda kuokota masuke yaliyodondoka, ukayapukuchua kwa viganja, ukapuliza makapi, kisha ukatafuna punje mbichi mpaka zikashikana mdomoni kama mpira. Jojo hiyo ulikwenda nayo shule asubuhi na kurudi nayo jioni, na usiku uliibandika kwenye mguu wa kitanda. Najua mtanicheka, maana nina miaka kumi na saba tu, niko kidato cha tatu, na sijafikia umri wa kusema "enzi zetu". Lakini mdogo wangu Bura, wa darasa la pili, hajawahi kutafuna ngano. Ananunua jojo ya dukani, anaitema kabla hajafika nyumbani, anasema utamu umekwisha. Ya kwetu haikuwa na utamu wa kwisha.

Pale kwetu, upande wa Gehandu, kila kitu kilipimwa kwa mashine za lile shamba. Mtu mwenye nguvu tulimwita kombaini, na anayekoroma alikuwa trekta. Mimi na rafiki yangu Martina, mtoto wa jirani, tulifinyanga matrekta ya udongo yenye magurudumu ya magunzi, tukalima uwanja mzima mpaka Mama akatutisha kwa mwiko. Na jozi ya maksai wetu waliitwa hivyo hivyo. Trekta, mwekundu, alikuwa wetu. Kombaini, mweusi mwenye pembe moja iliyopinda, alikuwa wa Baba Martina. Nira aliichonga baba yangu, na plau ilikuwa ya Baba Martina. Kwa hiyo hakuna nyumba iliyoweza kulima bila nyingine. Walianza na shamba letu mwaka mmoja, mwaka unaofuata wakaanza na lao, na sikuwahi kusikia mtu akiulizia zamu.

Jioni Baba Martina alikuja kwetu kubishana. Nasema kubishana kwa maana ile ya zamani, iliyokuwa kama chakula. Mama aliwawekea kata moja ya maziwa mgando, na sheria yao ilikuwa kwamba anayesema hanywi na anayekunywa hasemi. Ukimaliza hoja unampa mwenzako aseme, wewe unapokea kata na kunyamaza. Mimi nilikuwa mtoto wa aibu, na bado niko hivyo hivyo, na mtoto asiyesema husahaulika pale alipokaa. Nilisikia yote.

"Ngano ile ni mkate wa taifa," Baba alisema.

"Mkate huo uliula lini, Baba Paskali?" Paskali ni kaka yangu mkubwa.

"Niliuona mjini Katesh."

"Sijauliza kuona."

Baba alipozidi kupotea, Baba Martina aliinua kidole na kusema maneno yake ya kila siku: "Hapo umekosea, lakini endelea." Baba akaendelea. Waliagana wakicheka, na kesho yake walianzia pale walipoishia.

Halafu vikaja vyama vingi. Sina ugomvi na vyama, tumefundishwa kwenye Uraia na mtihani nilifaulu. Ila magari ya kampeni yalipopita na vipaza sauti, Baba alirudi kutoka mkutanoni na neno jipya. Jioni, akiwa ameishika kata, kinyume cha sheria yao, akasema kwamba asiye upande wetu ni adui wa maendeleo. Yeye alikuwa wa chama cha zamani. Baba Martina alikuwa ameshachukua kadi ya chama kipya.

"Hapo umekosea," Baba Martina akaanza.

Hakufika kwenye "lakini". Baba alisimama na kata mkononi, akaondoka kwa hasira. Tatizo ni kwamba nyumba ilikuwa yake, hakuwa na pa kwenda. Akaenda kusimama zizini kati ya ng'ombe mpaka mgeni akachoka kusubiri, akamuaga Mama peke yake.

Asubuhi tuliona bendera kwa Baba Martina. Baba akasimamisha ya kwetu, juu kidogo. Kesho yake ya kwao ikawa juu zaidi. Baba akaunga mti. Kwa Baba Martina wakaunga miwili. Miti ilipomwishia, Baba aliiangalia ile nira ukutani, akaishusha, akaifunga kwenye mlingoti kwa kamba za ng'ombe. Bendera yetu ikawa inaonekana hadi barabarani, na Mama akauliza kwa upole kama bendera inakula ugali au tutaila sisi. Mimi na Martina tulikatazwa kucheza pamoja, kwa hiyo tulicheza shuleni tu, tena kwa bidii.

Mvua ikafika wiki hiyo hiyo. Kwetu mvua za kwanza hazisubiri mtu. Usipopanda upesi, mahindi yanakuja kukauka machanga, na mwaka huo unakula kwa ndugu. Baba aliona watu wote wa bondeni wanalima, akajitia kiburi. Aliazima plau kuukuu kwa mjomba, akashusha nira, bendera ikabaki inaning'inia kama nguo ya kufua, akamfunga Trekta na punda. Lakini Trekta alizoea kulima kulia, kushoto kwake awe Kombaini. Alimnusa yule punda, akageuza shingo kuelekea kwa Baba Martina, akalia. Kisha akaanza kwenda alikogeukia, na punda akawa anazungushwa. Tukapata mfereji wa duara. Upande wa pili Baba Martina alikuwa na nira ya kuazima, Kombaini na mtamba ambaye hajawahi kufungwa, na mtamba alikuwa ameshalala chini.

Wale maksai walitusaidia wenyewe, kwa njia mbaya. Kulipokucha mazizi yote mawili yalikuwa na pengo, na nyayo zilielekea kwenye ngano ya serikali. Walinzi wa shamba walikuwa wameshawashika. Baba alikwenda mbele, Baba Martina nyuma kwa umbali wa kutupa jiwe, mimi na Martina nyuma yao wote. Tuliwakuta kwenye zizi la shamba wamesimama bega kwa bega, Trekta kulia, Kombaini kushoto, kama waliofungwa nira isiyoonekana.

Mlinzi, mzee mpole kutoka mkoa mwingine, tulimwamkia shikamoo, akatuitikia wote.

"Kila mwenye ng'ombe anataja ng'ombe wake," alisema, "na jirani yake anamshuhudia. Bila jirani sitoi hata mkia."

Baba akautazama mlima Hanang. Kwetu ukisema jirani ni nyumba moja, nyingine iko ng'ambo ya korongo.

"Huyu namfahamu," Baba Martina alisema mwishowe, akitazama ardhi. "Ni mtu wa kelele, lakini yule mwekundu ni wake."

"Na huyu hajui kuchagua kiongozi," Baba akasema, "lakini hajawahi kuiba hata ndama. Mweusi ni wake."

"Sijauliza viongozi," mlinzi alisema, akafungua zizi.

Walilima kuanzia siku ile ile, Baba akishika plau na mwenzake mjeledi. Hawakusemeshana. Waliwasemesha maksai.

"Kombaini, mwambie mwenye mjeledi apunguze mwendo."

"Trekta, mwambie huyo wa nyuma akandamize plau, analima kama anachora."

Martina na mimi tulicheka mpaka tukatumwa kuni. Mahindi yalipandwa kwenye nyumba zote mbili, na mwaka ule tulikula.

Bendera zilichakaa, zikashuka zenyewe. Siku hizi Baba Martina anakuja tena jioni. Wanaongea vizuri kabisa, kuhusu mvua, kuhusu chanjo ya ng'ombe, kuhusu nani amelazwa Haydom. Siasa hawaigusi. Redio ikianza habari, mmoja anaomba izimwe.

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye kona yangu. Kata ilipasuka zamani, Mama anawaletea vikombe viwili vya plastiki, kila mtu na chake. Baba akasema, kwa kumchokoza nadhani, kwamba ngano ile ilikuwa mkate wa taifa. Akasubiri. Nami nikasubiri.

Baba Martina alitikisa kichwa polepole. "Ni kweli, Baba Paskali," akasema, akanywa maziwa yake.

Baba alimtazama kama mtu aliyenyimwa chakula nyumbani kwake.