Mstari Ambao Mama Louis Hajaukata

Kila Alhamisi, kwenye shirika la wamama wa Musonoi, mtaa wa wachimba shaba huko Kolwezi, hufika mahali sauti inapokatika. Wamama hukaa duara, madaftari magotini, na kila mmoja husoma mstari alioandika mwenyewe. Mama Agnès akimaliza wake, hakuna anayefuata. Wanangoja. Lori husikika likipanda kutoka shimo la mgodi, mtoto wa jirani hulia na kunyamazishwa, kisha mama Fidélie hufungua daftari lake na kusoma. Wageni hudhani ni sala ya kimya. Hakuna anayewasahihisha.

Kimya hicho ni zamu ya mama Tshibola, ambaye wote walimwita mama Louis.

Alizaliwa hapo hapo Musonoi. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba, akazeeka na kuzikwa Kolwezi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona Kasai. Aliijua kwa lugha ambayo mama yake aliitumia anapokasirika, basi. Alishona nguo, akaolewa na Ntambwe, fundi wa umeme mgodini, wakakaa muda mrefu bila mtoto hadi watu wakaacha kuwauliza. Ndipo akaja Louis.

Madaftari yaliletwa na sista mmoja mzee wa parokia. Kanuni zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: unaandika dhambi yako tu, ya mwingine haikuhusu. Ya pili: ukiisha kuiacha dhambi hiyo, kuiacha kweli na siyo kuiungama tu, unaikata kwa kalamu nyekundu, na kabla hujaikata huandiki nyingine. Sista alisema kwamba mtu mwenye kuandika mengi anajificha nyuma ya maneno.

Daftari la mama Louis ndilo lililowachekesha wenzake. Siku moja alisoma: "Nilifurahi sana upepo ulipobeba wigi ya mama Agnès ku ndoa." Wamama walicheka mpaka Agnès mwenyewe akapangusa machozi. Wiki iliyofuata akamuuliza mbele ya wote, "Mama Louis, ulishakata ile mustari ya wigi yangu?"

"Bado, mama. Kila nikiikumbuka, ninafurahi tena."

Hivyo ndivyo alivyoishi na Mungu wake: kwa mistari midogo, iliyokatwa mmoja mmoja. Mwanamke mwingine angejipatia kioo. Yeye alikuwa na daftari.

Mama Fidélie alikaa nyumba iliyotazamana na ya kwake. Mume wa Fidélie, Numbi, mwenyeji wa mkoa huu wa Katanga, upande wa kaskazini, alifanya kazi zamu moja na Ntambwe, na siku za mshahara walikunywa chupa moja, wakipokezana.

Kisha kazi ikafa. Mashine zilisimama, mishahara ikachelewa, mwishowe ikaacha kuja. Watu walitaka kujua nani amekula mishahara yao, na kufikia mwaka 1993 jibu lilikuwa limeshatolewa kwenye mikutano na redioni: ni watu wa Kasai. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Watoto waliimba neno hilo wakirudi kutoka shule, na Louis, aliyekuwa mdogo, aliimba nao.

Nyumba za Musonoi zilijengwa zote kwa umbo moja, na namba zake zilikuwa zimefutika zamani. Vijana waliokuja asubuhi moja kuwafukuza watu wa Kasai walitoka mtaa wa Manika. Hawakujua nani anakaa wapi. Walihitaji mtu wa kuwaonyesha, na Numbi akasimama katikati ya njia. Hakutukana mtu. Hakubeba kiti wala godoro. Alinyoosha kidole kwenye mlango wa Ntambwe, akashusha mkono, akaingia kwake. Mama Fidélie alikuwa mlangoni, kitambaa cha sahani mkononi.

Ntambwe, mkewe na Louis walikimbilia gare, stesheni ya treni, kama watu wote wa Kasai. Treni za Kasai zilikuja kwa nadra na ziliondoka zimejaa hadi juu ya mabehewa. Watu walilala kando ya reli chini ya vipande vya plastiki, mvua ikawalowesha, wakapika pale pale walipojisaidia. Surua ikaingia kati ya watoto. Louis alizikwa pamoja na wenzake kwenye uwanja nyuma ya reli, na baba yake alichimba kaburi mwenyewe kwa sababu hakutaka mkono mwingine.

Alhamisi iliyofuata mama Louis alikaa juu ya sufuria iliyopinduliwa. Daftari alikuwa amelitoa nyumbani chini ya kikwembe alichojifunga kiunoni. Mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe.

"Unaandika?" Ntambwe aliuliza.

"Bado."

"Andika Numbi. Andika ni yeye alionyesha nyumba."

"Ile ni zambi yake. Haiko yangu."

"Basi andika yako. Uliiba nini, mama? Ulikula sukari ya padri?" Alicheka kicheko kikavu. "Ukiacha ile jina, kesho batu batasema mutoto alikufa na surua. Ni surua ilitufukuza ku nyumba?"

Mama Louis alishika biki, kalamu yake ya kuandikia. Aliweza kuandika kwamba amenung'unika. Aliweza kuandika kwamba amekosa uvumilivu, amesahau sala ya asubuhi. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa ya kumdanganya Mungu. Alijua kilichokuwa ndani yake tangu pale uwanjani. Alijua pia kwamba akikiandika hataweza kukikata, na asipokikata hataandika tena. Daftari lingeishia hapo. Hakuwa amebakiwa na kingine cha kwake.

Alikuwa bado ameshika biki mama Fidélie alipotokea kati ya mabunda ya watu, na bakuli la bukari, ugali wa moto, limefungwa kwa kitambaa. Mtu fulani alisema kwa sauti, "Huyu ni wa kule. Anakuja kuhesabu batu benye babakia?" Fidélie hakugeuka. Alipiga magoti kwenye mawe ya reli.

"Mama Louis. Nilisikia."

"Ulisikia."

"Leo ni Alhamisi. Nilikuja na kaye yangu." Alichomoa daftari.

Ntambwe akasimama. "Someni," alisema. "Mi naenda kuangalia treni." Hakukuwa na treni.

Fidélie alifungua daftari lake, kisha akalifunga tena juu ya kidole. "Zamu yako iko mbele ya yangu," alisema.

Mama Louis alimtazama muda mrefu. Kisha akainama, akaandika bila kuficha karatasi, na akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea habari ya wigi:

"Ninamuchukia Numbi, bwana ya Fidélie, na sitaki kuacha."

Kwenye shirika, mtu akisoma, wengine huitika: Mungu amesikia. Fidélie aliitika, "Mungu amesikia." Akafungua daftari lake.

"Nilikuwa ku mulango. Nilinyamaza."

Safari hii kuitika kulichelewa. Mvuke wa bukari ulikuwa umekwisha mama Louis aliposema, kwa taabu, "Mungu amesikia." Hawakukumbatiana. Fidélie aliacha bakuli, akaenda.

Ntambwe aliporudi alitazama chakula, asikiguse.

"Uliandika jina?"

"Niliandika."

"Kama zambi yake?"

"Kama yangu."

Ntambwe akakaa karibu naye, akavunja tonge la bukari, akampa yeye kwanza.

Treni yao ilikuja baadaye. Nyumba yao ilichukuliwa na watu wengine, kisha na wengine tena, na leo wanaokaa humo hawajui lolote.

Mama Fidélie amezeeka. Alhamisi, kimya kikiisha, anasoma mstari ule ule alioupeleka gare, kwa sababu hajaukata. Wamama wapya wakimuuliza mbona haandiki mwingine, anawaambia kanuni inakataza. Numbi alipokufa, Fidélie alimtumia mama Louis habari kupitia mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri kwenda Kasai. Jibu lilirudi kwa mdomo wa mtu huyo huyo: "Mwambie nimesikia. Mwambie mustari yangu iko vile vile."

Mama Tshibola yuko Mwene-Ditu, huko Kasai. Anakaa karibu na reli, anashona sare za shule.