Mbwa mbichi kwenye nyumba ya Bi Zuhura, Isevya: jinsi kujikung'uta maji kulivyotaka kunihamisha

Wakuu, habari za mvua huko mliko.

Haya yamenitokea mwenyewe, msimu huu huu, na sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu. Ni habari ya mbwa kujikung'uta maji. Mkicheka chekeni, mimi nilikaribia kuhama nyumba.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mke wangu alifariki, watoto wako kwa shangazi yao Morogoro. Nikaomba uhamisho nije Tabora kwa sababu moja: hapa hakuna anayenijua, kwa hiyo hakuna wa kunipa pole kila asubuhi.

Nilifikiri ni akili. Kumbe pole za watu ukizikosa kabisa nazo zinauma.

Nimepanga Isevya kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu, mjane, umri wa mama yangu mzazi. Ua ni mmoja, yeye upande wa baraza, mimi chumba cha nyuma. Maongezi yetu yalikuwa shikamoo, marahaba, basi.

Mwenzangu pekee alikuwa mbwa. Nilimkuta bado mdogo pale stesheni ya Kigwa, nikamleta mjini kwenye boksi, nikamwita Kigwa hivyo hivyo. Jioni nikisahihisha madaftari analala mlangoni. Kuna wikiendi zilipita sijaongea na mtu yeyote, nimeongea na yeye tu.

Bi Zuhura hakumkataa. Aliniambia mapema kabisa, kwa upole: "Mwalimu, mbwa mkavu sina ugomvi naye. Mbwa mbichi ndiye ataniharibia swala."

Kwa wasiojua, kwa madhehebu yao maji yaliyotoka kwa mbwa ni najisi. Yakigusa nguo au msala, unaosha mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Sasa fikiria mama wa umri ule, magoti yanauma, na bomba la mtaani maji yanatoka kwa zamu.

Kiangazi chote amani. Mvua ya kwanza ikanyesha nikiwa shule. Kigwa akatoka kwenye mizunguko yake, akaingia uani, akapita chumba changu, akaenda kusimama mbele ya baraza na kujikung'uta. Akapiga msala, mkeka na kanga mbili zilizokuwa kwenye kamba.

Niliporudi nilimkuta mama ameinamia beseni na mchanga pembeni. Nikataka kumsaidia, akakataa. Hakufoka. Bora angefoka.

Mvua ya pili, hadithi ile ile. Safari hii akaniambia mpaka Ijumaa mbwa awe ameondoka, la sivyo tuondoke wote wawili.

Wakuu, niliogopa. Mtu mwenye watu wake ataona ni mbwa tu. Mimi nilikuwa nahesabu nani atabaki kunipokea mlangoni, na jibu lilikuwa hakuna.

Nikafanya kitu pekee ninachokiweza. Mama alipokwenda msibani, nikatandaza majivu makavu uani, nikammwagia Kigwa ndoo ya maji, nikakaa pembeni kuangalia matone yanaangukia wapi. Majirani walichungulia, nadhani wengine waliniombea.

Nilichokiona ni hiki. Mbwa hatikisi mwili wote kwa pamoja. Anaanza na kichwa, halafu mtikisiko unashuka mgongoni mpaka mkiani. Ngozi yake imelegea, kwa hiyo mwili ukigeuka kidogo ngozi inapitiliza, na maji yanachomoka kama tope kwenye gurudumu la baiskeli.

Ni ule mwendo wa duara tunaofundisha sekondari. Mnyama mdogo ana radius ndogo, yaani nusu kipenyo, hivyo lazima ajitikise haraka zaidi ili maji yamwachie. Ndiyo maana panya akijikung'uta jicho halimfuati, mbwa unamwona, na mnyama mkubwa zaidi anakwenda taratibu.

Na hafanyi utundu. Manyoya yakibaki na maji, joto la mwili linaishia kuyakausha. Kwa mnyama mdogo kwenye baridi, hayo ni mambo ya kufa na kupona.

Tuendelee. Matone yalifika mbali kuliko nilivyokisia. Ua wetu mdogo, popote atakaposimama baraza litapata. Ikabidi ajikung'utie nje ya geti, nikamsimamishia kibanda cha bati. Nikimwita pale na kumdondoshea maji kidogo shingoni, anajikung'uta hapo hapo, mama akipita anatutazama. Nikajiona profesa.

Kasoro ikawa moja. Nisipokuwepo anapita bati kama halioni. Wenye mbwa mnajua, akilowa anakuja kwanza mpaka kwa mtu wake, ndipo anajikung'uta. Na mimi mvua zikinyesha niko darasani.

Nikakata tamaa. Nikampata mkulima mmoja wa Igalula aliyekubali kumchukua.

Alhamisi wingu likafunga, nikaomba ruhusa, nikakimbia. Nafika nimelowa, namkuta Bi Zuhura nje ya geti na mwavuli, amesimama mbali na bati, gauni amelikusanya mkononi. Kigwa yuko chini ya bati anamtazama yeye.

"Haya, malizia na mkia," mama akamwambia.

Akamalizia.

Pale ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa anapita chumba changu. Kutwa mimi sipo. Anayeshinda naye, anayemsemesha akimenya mihogo, ni mama. Alikuwa anakwenda kwa mtu wake, na mtu huyo si mimi. Niliona wivu kidogo, sitawaficha.

Nikamwambia asijali, kesho nampeleka Igalula.

"Tangu mzee wangu afe, hakuna kiumbe aliyelowa na mvua akanitafuta mimi," akasema. "Mwache."

Nililia pale getini, mtu mzima na ndevu zangu. Tumekaa ua mmoja muda wote ule, wafiwa wawili, kila mmoja akidhani msiba uko upande wake tu wa ukuta.

Msidhani upweke umekwisha. Jioni bado ni ndefu na chumba bado kimya. Ila jana nimerudi nimelowa chapachapa, nataka kupita, mama akanizuia getini akasema, "Na wewe mwalimu, jikung'ute hapo kwanza." Nikajikung'uta.

Funzo langu: ukiwa mpweke, chungulia upande wa pili wa ukuta kabla hujahama mkoa.

Wenye mbwa na majirani wa kuswali, leteni uzoefu wenu. Na mnaokaa peke yenu, andikeni chochote tu, hata kama hamna mbwa. Nipo, nasoma.