Usine ya nguruwe ya jirani

Jirani yangu hapa Ndosho ana haraka sana. Ugali anakulaka ingali inatokota mu sufuria, kisha anapigia moto kelele.

Mu kikundi yetu ya kanisa tuko na nguruwe mama mumoja anazunguka. Mwenye kuwa naye lazima atolee mwenye kufuata katoto ka kike. Zamu ilikuwa ya jirani, na mwenye kumufuata alikuwa mama mumoja mujane, muuza makala ya kupikia. Kibanda ya mbao alikwisha kuijenga juu ya mawe ya volkano, anangojea. Uzao ya kwanza ikatoka dume tupu.

"Mama, usilie," jirani akasema. "Mimi nafungua usine, kiwanda ya batoto ya nguruwe!"

Akanyanganya batoto ziwa ya mama yao, bangali rangi ya pinki, akabapatia uji ya soya. Kweli, batoto bakiachishwa tu, nguruwe mama anatafuta dume. Jirani akamupandisha ku chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akasukuma mupaka Kibati kwenye dume iko. Nguruwe aliketi sawa gavana. Ku kambi ya jeshi ya Katindo, mimi naapa, basoda bakamupigia saluti.

Dume ikafanya kazi. Jirani akaanza kutangaza batoto makumi mbili. Nilingojea tumbo ya nguruwe ivimbe, kumbe ni ya jirani mwenyewe ikavimba kwa majivuno.

Siku ya kuzaa, kakatoka kamoja. Dume! Kadogo sawa panya, panya ya pahali ya njaa.

Mama wa makala akakuja. "Papa, katoto kangu ka kike kako wapi?"

"Mama, ni ile dume ya Kibati, haina nguvu."

"Usisingizie dume! Ulikatisha kunyonya mapema, tumbo ilikuwa haiyapona. Mimba zilishika, zikafia ndani zingali mbegu. Bibi yako akizaa leo, kesho utamurudisha maternité kuzaa tena?"

Bibi ya jirani akapaza sauti ku jikoni: "Mama, alijaribu!"

Kiwanja yote tukalala chini na kucheka. Mama hakucheka. Alifunga nguruwe kamba, akamupeleka kwake na kale kapanya. Akakaacha kanyonye mupaka kakawa kanene sawa muzee wa baa, ndipo akapeleka nguruwe mama Kibati, kwa dume ile ile.

Leo kibanda yake imejaa batoto, maziwa ya mama yao karibu haitoshe. Ba kike bako, na kuzidi. Juzi jirani akachungulia: "Mama, hawa bamekwisha kukomaa, uwaachishe!"

"Papa, bangali bananyonya. Na wewe rudia kwenu umalize kunyonya ya kwako."

Alienda. Na haraka, kama kawaida.