Swichi ya Ijumaa

Siku yangu ya kwanza kazini kama fundi wa kompyuta, mkuu wangu pale Kisii alinikabidhi bisibisi na wosia mmoja. "Nyamweya, mashine haina makosa. Ikiharibika, tafuta mtu." Nilikuwa kijana, nikayameza maneno hayo bila kutafuna.

Nilifanya kazi Masimba miaka mingi, kisha nikapelekwa shule moja ya sekondari upande wa Magwagwa. Mke wangu alikuwa amefariki, na katika chumba changu cha kazi nyuma ya ofisi sikuongea na mtu ila Kemunto, karani wa shule. Kila siku saa nne asubuhi alibisha akiwa na chai na ndizi za kuchemsha. Nasema wazi: kikombe kile ndicho kilichonipa sababu ya kuamka.

Kompyuta yake ndiyo iliyonitoa jasho. Mfumo endeshi, yaani programu inayobeba nyingine zote, hupokea sasisho la kuziba nyufa zake. Ili nisimkatizie kazi, nililipanga lianze kila Ijumaa jioni. Yeye alikuwa akiondoka mchana na kuiacha mashine ikiwaka, kama nilivyomwagiza. Kila Jumatatu nilikuta maandishi yale yale: sasisho limeshindikana. Nikapunguza mafaili, nikabadilisha diski. Wapi! Mwishowe alama za kidato cha nne zilizokuwa humo zikaharibika, na Mwalimu Mkuu akataka jina la aliyehusika.

"Kemunto, unachezea mashine?"

"Tata, hiyo kitu mimi nikitoka Ijumaa sigusi tena. Mungu anajua."

Alizoea kuniita Tata, baba kwa Ekegusii. Hata hivyo niliandika jina lake, akafutwa kazi.

Karani mpya akaja, na hitilafu ikabaki. Ndipo nilipofungua daftari la matukio, mahali mashine yenyewe huandika yaliyoipata. Umeme ulikatika kila Ijumaa, muda mfupi kabla ya jua kuzama.

Mimi ni Msabato. Tangu utotoni nyumbani kwetu kila kitu kilizimwa kabla Sabato haijaingia. Nami, nikiwa wa mwisho kutoka, nilikuwa nikishusha swichi kuu ya jengo la ofisi kila Ijumaa kwa mazoea, nikiwaza taa tu, na kwenda zangu nikiimba, kisha kuipandisha Jumatatu. Niliona aibu.

Nilimweleza Mwalimu Mkuu. "Mzee, nafasi imeshajazwa," alisema.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi hii, someni daftari la mashine kabla ya kuandika jina la mtu. Mtu anayetafutwa huenda ndiye aliyeshika bisibisi.

Juzi nilipanda bodaboda hadi kwao Manga. Nilimkuta Kemunto akichambua mboga, birika likichemka nyuma yake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni.

"Asante kwa kuniambia, Tata," alisema, akaendelea na mboga.

Ilikuwa saa nne. Hakunikaribisha chai.