Kidole Alichoazimwa Bi Povu

Mke wangu alisajili laini za simu kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akimfukuza mteja. Simsifu. Mimi ndiye fundi simu niliyekaa naye kibanda kimoja, mimi upande wa bisibisi na spiriti, yeye upande wa meza ya usajili, na nilishamwambia mara nyingi kwamba huruma yake itatutokea puani.

Tulipoanza, usajili ulikuwa daftari tu: jina, mtaa, sahihi. Baadaye Mamlaka ya Mawasiliano ikataka nakala ya kitambulisho. Kisha ikataka picha. Kila kanuni mpya ililetwa na msimamizi wa kampuni ya simu pamoja na fulana mpya ya kuvaa kazini, mpaka mke wangu akawa na fulana nyingi kuliko magauni. Nilikuwa namtania kwamba serikali inamvisha kuliko mimi. Fulana ya mwisho ilikuja na mashine ya kusoma alama za vidole, na utani wangu ukaishia hapo.

Amri ilikuwa fupi. Laini isiyosajiliwa kwa kidole ingezimwa tarehe thelathini, saa sita mchana. Kila laini ingekuwa na mwenyewe, na huyo mwenyewe angewajibika kwa kila kitakachopita humo. Mtu mmoja asizidishe laini tano.

Siku hiyo ya mwisho foleni ililizunguka duka la vifaa vya ujenzi lililo jirani yetu ikarudi ilikoanzia. Ndani yake alikuwemo Bi Povu, mfuaji wa hospitali kuu. Mashine za kufulia za hospitali zilikuwa zimekufa siku nyingi, na mama yule alikuwa akifua mashuka ya wagonjwa kwa mikono. Dawa za kufulia zilikuwa zimemla vidole mpaka vikabaki laini kama sahani. Akaweka cha kwanza, mashine ikakataa. Cha pili, ikakataa. Alipomaliza vyote kumi ilikuwa saa sita kasoro dakika nane.

"Mwanangu, kwa hiyo mimi si mtu?" aliuliza, akijaribu kucheka.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu duniani, anayeishi mbali, na namba ile ya Bi Povu ndiyo pekee mdogo huyo aliyoijua. Mke wangu akatazama saa. Akafuta kidole gumba chake kwenye fulana, akakibandika kwenye mashine. Taa ikawaka kijani.

"Umefanya nini?" nikamnong'oneza.

"Nimemwazima."

"Kidole nacho kinaazimwa?"

"Kwani kimepungua? Baba watoto, endelea na simu zako."

Nikaendelea na simu zangu. Miaka miwili ikapita na nikasahau kabisa.

Kisha watu wakaandamana, na mtandao ukazimwa nchi nzima kwa siku nne. Redio ikatangaza kwamba hali ni shwari na hakuna aliyeumia. Mtandao uliporudi nilikuwa nabadilisha spika ya simu ya mwalimu mmoja. Nikabonyeza ujumbe wowote wa sauti ili nijaribu kazi yangu, na ndani ya simu ya watu nikamsikia Bi Povu.

"Mdogo wangu, nimefua mashuka ya damu siku tatu. Nimehesabu mpaka mia mbili nikaacha. Mikono yote imekufa ganzi."

Alikuwa amemwambia ndugu yake mmoja. Huyo akamtumia rafiki, rafiki akawatumia kumi, na kufikia alasiri kila simu niliyoifungua ilikuwa na sauti ile. Mke wangu aliinua kichwa toka mezani kwake. Tulifunga kibanda mapema.

Siku ya tatu msimamizi wa kampuni alikuja, na safari hii hakuleta fulana. Alileta barua ya Mamlaka. Mwenye laini iliyotuma sauti ile afike kesho asubuhi kutoa maelezo, pamoja na mtu yeyote anayefanya naye kazi.

Asubuhi, mke wangu akifunga vifungo vya sare ya mtoto wetu wa mwisho, alisema bila kunitazama, "Mimi nitasema laini iliibwa sokoni. Wewe ukiulizwa, hujui."

"Wakikufunga je?"

"Na wakimfunga yeye, kwa umri ule? Sema hujui. Umenisikia?"

"Sawa," nikasema.

Ofisi ilikuwa safi, inanukia rangi mpya. Walitutenganisha mlangoni. Ofisa aliyenihoji alikuwa kijana mwenye adabu, ananiita mzee wangu, na alinimiminia maji kabla hajaniuliza chochote. Akanisomea kifungu polepole: laini ikieneza uvumi, mwenye laini ndiye mwenye kosa, kifungo miaka saba. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia watatu. Akaniuliza wa mwisho ana umri gani. Nikamwambia minne.

"Atakuwa na kumi na mmoja," alisema, akafunga kitabu. "Anayeitumia laini hii ni nani?"

Nilijikaza kisabuni. Hakuna aliyenipiga wala kunifokea. Nilimwona tu mtoto wangu akivishwa sare na mimi, vifungo vikienda kombo, mwaka baada ya mwaka.

"Ni mfuaji," nikasema. "Hospitali kuu. Wanamwita Bi Povu."

Nilijisikia mwepesi. Nakiri hilo, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Ofisa aliandika, kisha akavuta karatasi nyingine, akazilaza pamoja. "Mkeo ameandika hapa kwamba laini iliibwa," alisema kwa upole uleule. "Ameweka na sahihi. Maelezo ya uongo ni kosa jingine, mzee wangu." Akamwita mwenzake, akamkabidhi funguo za gari. "Hospitali kuu, kule wanakofulia. Wahi kabla zamu haijaisha."

Kisha akaniambia nikasubiri nje.

Mke wangu alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani. Mwenye funguo alipita mbele yake, naye akarudisha miguu kumpisha. Aliponiona alisogea nikae.

"Sijasema kitu," alininong'oneza. "Wameniuliza mara nne, nimeshikilia palepale. Tukitoka tupite hospitali, tumwambie Bi Povu aitupe ile laini."

Akanishika mkono, akanishukuru kwa kunyamaza. Nje gari likawashwa.